Mmiliki mmoja, tiketi bei moja: kwa nini mashine za Nairobi zinapakwa grisi na za Kisumu zinapakwa rangi?

Wanajamvi, hili nimelinyamazia vya kutosha. Kampuni inayomiliki ile bustani ya michezo ya watoto hapa Kisumu ndiyo hiyohiyo inayomiliki ile kubwa ya Nairobi. Jina silitaji, lakini mliowahi kupeleka watoto huko mnajua ninamsema nani. Bei ya kuingia ni ileile. Tangazo ni lilelile, na hata picha walizobandika kwenye bango la Kondele zimepigwa Nairobi. Ukishalipa na kuingia ndipo unapoona kwamba umeuziwa kitu kingine kabisa.

Na sizungumzii maua na taa. Nazungumzia vyuma vinavyobeba watoto wetu juu hewani.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kazi yangu ni mageti, matangi, bodi za lori, kwa hiyo nikifika mahali penye mashine jicho linakwenda kwenye maungio. Ile bembea kubwa ya kuzunguka, yenye viti vinavyoning'inia kwa minyororo, imepakwa rangi juu ya kutu. Haikusuguliwa hata kwa msasa. Ukipitisha kidole unasikia vipele chini ya rangi. Kwenye nguzo ya nyuma, upande wa vyoo ambako wageni hawapiti sana, rangi imevimba ikapasuka, na kwenye mpasuko panatoka unga wa kahawia. Mlango wa behewa la pili la treni ya watoto hauna pini. Mahali pa pini pamefungwa waya, ule wa kufungia nondo, tunaoununua kwa kilo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mtoto wa miaka minne anakaa ndani ya behewa hilo na mzazi anapunga mkono akiwa nje ya uzio.

Nairobi je? Tuliishi huko kabla ya kurudi nyumbani, na ndugu zangu bado wako huko, kwa hiyo ninapafahamu. Asubuhi kabla ya lango kufunguliwa unakuta mafundi wamepanda na spana, kila mashine inazungushwa tupu kwanza, grisi inaonekana mbichi kwenye beringi. Kila mashine ina mtu wake wa kuiendesha na mwingine wa kupita kiti kwa kiti akivuta mishipi. Kisumu kijana mmoja anaendesha mashine tatu. Anafunga watoto huku, anakimbia kule kuwasha, anarudi kuzima. Simlaumu yeye hata kidogo. Ni kibarua wa kulipwa kwa siku na hakuna aliyemfundisha kitu. Nilimuuliza kama ana daftari la ukaguzi wa asubuhi, akaniambia hajawahi kuliona.

Sasa njoo kwenye yale magari ya kugongana. Mwaka jana walitangaza kwa kishindo kwamba Kisumu imeletewa mashine mpya. Rangi ya buluu imeanza kubanduka kwenye pembe, na chini yake unaona rangi nyekundu, nembo ya tawi la Nairobi na namba ya gari. Ni magari yaleyale wanangu waliyoendesha Nairobi wakiwa wadogo. Nairobi wamewekewa mapya kabisa, sisi tumeletewa yaliyochoka na tukaambiwa tushangilie.

Kuhamisha mashine kutoka bustani moja kwenda nyingine si dhambi. Duniani kote kampuni zenye bustani nyingi hufanya hivyo. Mashine ikivuliwa yote, ikapimwa, vipuri vilivyolika vikabadilishwa, inaweza kufanya kazi miaka mingine mingi. Neno langu ni kwamba hii yetu haikuvuliwa. Ilipakwa rangi, ikapandishwa lori, ikashushwa huku, na aliyepangiwa kuitunza akabaki Nairobi.

Anayedhani nakuza mambo asome kilichotokea Ohio, Marekani. Tarehe 26 Julai 2017, kwenye maonyesho ya jimbo hilo mjini Columbus, mashine iitwayo Fire Ball ilikatika ikiwa hewani. Kijana wa miaka 18 alikufa, wengine saba wakajeruhiwa. Mashine hiyo ilikuwa imekaguliwa na kupitishwa. Walioitengeneza, kampuni ya KMG ya Uholanzi, walipochunguza walisema kutu ilikuwa imekula boriti kwa ndani, miaka nenda miaka rudi, hadi unene wa chuma ukapungua kufikia hatari. Kwa ndani, ndugu zangu. Nje rangi ilikuwa inang'aa.

Sisi wa kazi hii tunajua inavyotokea. Boriti ya bomba ina uwazi katikati. Maji ya mvua yakipata upenyo yakaingia, na hakuna tundu la kuyatoa, yanakaa humo yakila. Na chuma kinachoka pia. Kila mzunguko unakivuta na kukiachia, na ufa huanzia kando ya mshono wa kuchomelea, mwembamba kiasi kwamba macho hayauoni. Ukipaka rangi juu yake ndiyo umeuficha kabisa. Kuupata si kazi ngumu. Unasugua mpaka chuma kiwe cheupe, unapulizia rangi nyekundu inayopenya, unaiacha kidogo, unaifuta, kisha unapulizia ile ya unga mweupe. Kama kuna ufa, utajichora wenyewe mstari mwekundu. Ni makopo matatu na subira. Unene wa boriti nao unapimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti bila kutoboa chochote. Kampuni yenye uwezo wa kununulia Nairobi magari mapya haiwezi kuniambia imeshindwa na makopo matatu.

Nilikwenda ofisini kwao. Meneja ni kijana mwenye adabu, alinikaribisha kiti, akanisikiliza. Nilipomaliza akasema, "Mzee wangu, bajeti inatoka Nairobi. Sisi huku tunaletewa. Na wakubwa wanasema Kisumu haina wageni wa kutosha kurudisha pesa."

Hapo ndipo damu ilinichemka. Wageni hawatoshi kwa sababu gani? Mji huu ndio kituo cha kanda nzima. Magari ya shule yanatoka Kakamega, Vihiga, Siaya, Busia, Homa Bay, Kisii na Kericho, na Agosti ukisimama Mamboleo unayaona yamepangana. Yalikuwa yanaingia pale. Mteremko wa maji ukazimwa kwa sababu pampu imekufa, bwawa lake likageuka kijani, mbu wakahamia. Gurudumu kubwa likawekewa kibao cha "linafanyiwa matengenezo" na hakuna fundi aliyewahi kuonekana karibu nalo. Mwalimu aliyeleta watoto, wakalipa bei kamili na kucheza nusu ya mashine, unadhani mwaka unaofuata atarudi? Shule ya mtaani kwetu sasa inapita moja kwa moja hadi Nakuru, watoto wanaona vifaru na flamingo, na hakuna mzazi aliyelalamikia nauli.

Kwa hiyo mnaacha mahali paoze, watu wanakimbia, kisha mnahesabu waliokimbia na kuifanya hiyo hesabu kuwa sababu ya kutoweka pesa. Mchezo huu una mwisho wake na umeshaonekana kwingine. Kampuni ya Cedar Fair, iliyokuwa na bustani ya Cedar Point kule Sandusky, ilinunua bustani ya Geauga Lake mwaka 2004. Zote ni za Ohio. Wageni wa Geauga Lake walikuwa wanapungua. Kampuni ikaanza kung'oa mashine na kuzipeleka kwa bustani dada: moja iliyoitwa X-Flight ikaenda Kings Island, ikapewa jina jipya la Firehawk na kufunguliwa huko mwaka 2007. Septemba mwaka huohuo ikatangazwa kwamba upande wa mashine Geauga Lake umefungwa moja kwa moja. Dominator ikapelekwa Virginia, nyingine Michigan. Pakabaki michezo ya maji peke yake, nayo ikafungwa 2016. Bustani hiyo ilikuwa na historia ya zaidi ya miaka 100.

Na upande wa pili upo. Disney walifungua California Adventure Februari 2001, mlango kwa mlango na Disneyland yao ya tangu 1955. Bustani dada ilijengwa kwa kubana pesa na watu wakaiona hivyo. Wakaenda kwa wingi kule kwa zamani na hapa wakapita kidogo tu. Hawakusema "eneo hili halina wageni". Mwaka 2007 walitangaza kuweka dola bilioni 1.1 kuitengeneza upya, na sehemu ya Cars Land ilipofunguliwa Juni 2012 umati ukafurika. Sidai bilioni kutoka kwa mtu yeyote. Nataka waelewe kwamba mgeni anafuata kazi iliyofanywa, hatangulii.

Najua kuna mdau atakuja kusema Nairobi ina watu wengi, kwa hiyo ni haki ipate zaidi. Ipate mashine nyingi zaidi, ndiyo. Ipate kubwa zaidi, sawa. Lakini pini ya mlango haina uhusiano na wingi wa watu. Mtoto wa Ahero akianguka anavunjika mfupa uleule unaovunjika kwa mtoto wa Westlands. Na kama huduma ni ya chini, basi bei ya lango iwe ya chini na bango liseme ukweli. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, taarifa anazohitaji, na ulinzi wa afya na usalama wake. Haikusema haki hiyo inaishia mji mkuu.

Ninachodai ni hiki. Bembea ya kuzunguka isimamishwe wikendi hii, isisubiri likizo kuisha. Ivuliwe rangi kwenye maungio yote na ipimwe na mtu ambaye halipwi mshahara na kampuni hiyo, halafu karatasi yake ya ukaguzi ibandikwe langoni ambapo mzazi ataisoma kabla ya kulipa. Kila mashine ipewe mwendeshaji wake. Pampu irekebishwe au bwawa likaushwe. Na fundi mkazi awepo Kisumu, mwenye stoo ya vipuri, siyo wa kupigiwa simu Nairobi akaja baada ya wiki tatu.

Wazazi, mpaka hapo litakapofanyika, msiangalie rangi. Angalieni maungio ya nguzo na boriti. Angalieni kama boliti zinafanana, maana boliti moja ya kichwa tofauti katikati ya sita ni ishara kwamba mtu ameokota iliyopatikana. Vuta mshipi wa mtoto mwenyewe kabla mashine haijawashwa. Ukiona waya mahali pa pini, mshushe mtoto wako, na umwambie mzazi aliye nyuma yako kwenye foleni.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Kwa ndugu aliyesema ninaua kazi za vijana wetu: hao vijana ndio watakaoshikwa na polisi siku ya ajali. Aliyesaini bajeti atakuwa Nairobi na wakili wake, na yule kibarua wa mashine tatu ndiye atakayelala kituoni. Kumtetea ni kudai apewe mwenzake wa kusaidiana naye, afundishwe, na apewe daftari la kuandika "mashine hii mbovu, siiwashi" bila kufukuzwa.

Kwa dada aliyesema amejaribu kurudishiwa pesa na kuambiwa tiketi hairudishwi: tunza hiyo risiti. Andika barua, peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea urudi nayo. Malalamiko ya mdomo pale dirishani wanayasahau kabla hujafika stendi.

Na kwa aliyeuliza kama nina ushahidi, picha za nguzo, za behewa na za nembo iliyo chini ya rangi ya buluu nimeziweka hapo chini. Wengine mlio na zenu ziwekeni pia, za Kisumu na za Nairobi, mashine ya aina moja kila upande, na mwandike tarehe. Pigeni karibu, kwenye maungio na boliti. Nyuso za watoto msizionyeshe. Jumatatu asubuhi nazichapisha zote na barua nazipeleka ofisini kwa meneja, na nakala kwa wakaguzi wa usalama kazini. Anayetaka kutia sahihi aniandikie kabla ya Jumapili jioni.