Nesi mmoja usiku mzima kwa wagonjwa 38, tumshtaki yeye au nani?

MtotoWaArua
Habari zenu ndugu, naomba msaada hasa mlio kwenye mambo ya hospitali. Mama mdogo alipasuliwa tumbo mwezi uliopita, opereshini ikaenda vizuri, kesho yake akanywa uji akaongea na watoto. Usiku wa pili mimi ndo nilikuwa namlinda, nimelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Saa nane hivi akasema anasikia baridi na kiu, nikamfunika, nikaenda kumtafuta sista nikamkuta mwisho wa wodi anahangaika na mgonjwa mwingine, akasema nakuja. Nikahesabu vitanda, 38, na sista ni yeye peke yake. Amefika karibu saa kumi na moja, akamshika tu mkono nikaona uso umembadilika, akakimbia kuita daktari. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani. Mama hakufika asubuhi.

Sasa familia wanataka tumshtaki yule sista kwa uzembe. Nina hasira sana lakini roho yangu inakataa. Hivi ni kweli uchache wa manesi unaua, au ni maneno ya kujitetea?

sista_wa_zamu
Pole sana kaka, Mungu ampumzishe mama. Mi ni nesi mwaka wa tisa sasa, wilaya nyingine. Mgonjwa aliyetoka thieta lazima apimwe mara kwa mara, presha, mapigo, joto, pumzi, maana damu ikivuja ndani bandeji inaweza kubaki safi kabisa huoni kitu. Kinachotangulia ni mapigo kwenda mbio na pumzi za haraka haraka, mgonjwa analalamika baridi na kiu kama mama alivyosema, presha yenyewe mara nyingi inakuja kuanguka baadaye na hapo muda umebaki kidogo sana. Sasa mtu mmoja kumpima vizuri na kuandika ni dakika tano, zidisha kwa 38 ni zaidi ya masaa matatu, na hapo hujachoma sindano hata moja hujabadilisha dripu hujampokea mgonjwa mpya. Unaanza kuacha vitu. Cha kwanza kuachwa ni kuhesabu pumzi, unamwangalia mtu unaandika 20, wa pili 20, wodi nzima 20. Nimeshafanya hivyo na bado inaniuma.

Boda_Mbale
Pole ndugu. Ila mimi sikubali wote wasafishwe. Mke wangu alipojifungua manesi walikuwa watatu, wawili wako kwenye simu, na tulipouliza tukatukanwa. Wengine wanasaini kitabu wanaenda kwenye kliniki zao. Hata wakiongezwa kumi, tabia itabaki.

mpenda_takwimu
Boda hayo yapo, na yule asiyekuja kazini naye anampunguzia mgonjwa nesi, ni shida ile ile. Lakini hili la idadi limepimwa. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliangalia wagonjwa wa opereshini kwenye hospitali 168, wakakuta kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi, uwezekano wa mtu kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Nesi wa wagonjwa wanane ukilinganisha na wa wanne ni asilimia 31. Wanane tu jamani, siyo 38! Mwaka 2014 wakapima nchi tisa za Ulaya, ikatoka asilimia 7 tena. Jimbo la California tangu 2004 sheria inaweka mwisho, wodi ya kawaida nesi mmoja siku hizi hazidi wagonjwa watano, ICU, yaani wodi ya mahututi, wawili. Kinachofanya tofauti ni kuwahi kuona. Mgonjwa anaweza kuharibikiwa hospitali yoyote hata nzuri, ila mwenye nesi wa karibu anagundulika mapema anarudishwa thieta.

Na kwetu Uganda siyo kwamba manesi hawapo, wapo vijana wamemaliza chuo wako nyumbani, nafasi zimeandikwa kwenye karatasi lakini pesa ya mishahara haijatengwa.

sista_wa_zamu
Kaka, mkienda kulalamika nendeni na maswali mawili. Ombeni chati ya mama, muone mara ya mwisho alipimwa saa ngapi. Halafu ombeni rota, yaani ratiba ya zamu, ya usiku ule, nani aliipanga na nani alisaini kwamba mtu mmoja anatosha. Kama sista alikaa bure itaonekana, kama alikuwa anakimbia kitanda hadi kitanda nayo itaonekana.

MtotoWaArua
Asante sista, asanteni wote. Nimewasomea wazee hapa nyumbani, baba mdogo alinyamaza muda mrefu halafu akauliza yule mgonjwa wa mwisho wa wodi alipona? Sijui, sikuwahi kuuliza. Barua tunaandika upya leo, inaenda kwa mkuu wa hospitali, jina la sista tumelitoa juu tukaweka tarehe, idadi ya vitanda, na rota.