Mrejesho: ile LG ya Mjerumani

Wadau, nimerudi. Wiki jana niliuliza mbona mama mkwe wa dada yangu, Mjerumani, anamalizia kila meseji kwa LG, nikadhani ni mambo ya televisheni. Mliosema ni salamu mlipatia: Liebe Grüße, salamu za upendo. MfG, yaani Mit freundlichen Grüßen, ndiyo ya barua rasmi. Dada alicheka hadi akamwaga chai, hapa Kawangware.

Iliyonimaliza ni "Gute N8". Nilizoea gr8 ya Kiingereza, yaani great, nikaisoma "neit". Kumbe nane kwao ni acht, basi N8 ni Nacht, usiku: usiku mwema. Na WE ya "Schönes WE" si "we" ya Kiingereza, sisi, ni Wochenende: wikendi njema!

Jana nikamwandikia, "LG, mama." Akajibu HDL, hab dich lieb. Nakupenda, ila kifamilia.