Tupeane uzoefu: mliounganisha ukurasa wa malipo na seva zenu wenyewe, kiliwakuta nini?

Fundi wa Usiku

Wakuu, habari za saa hizi. Nauza vitenge na mashuka Kariakoo, na tovuti ya duka nimeiandika mwenyewe kwa PHP (lugha ya kuandikia tovuti), usiku, baada ya kufunga. Wateja wa mikoani walinichosha na "nitumie namba ya kulipia", nikaamua kuweka kitufe cha Lipa.

Namba za kadi sikutaka zipite kwangu hata sekunde moja. Ukizigusa, masharti ya PCI DSS, yaani kanuni za usalama wa data za kadi, yanakuangukia kichwani, na duka langu lina mtu mmoja na nusu (nusu ni mdogo wangu). Basi nikachukua njia ya wengi: mteja anapelekwa kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, anaweka kadi au anachagua mtandao wa simu, akimaliza anarudishwa kwangu penye "Asante, malipo yamepokelewa".

Hapo penye asante ndipo nilipoliwa. Anwani ya kurudi ilikuwa na namba ya oda, na mwishoni status=success, yaani "imefanikiwa". Mimi mzigo nauruhusu papo hapo. Jumamosi moja nafunga hesabu: oda 14 zimepakiwa, pesa iliyoingia ni ya oda 11. Zile tatu ni za mteja mmoja. Mara ya kwanza alilipa kihalali, akaiona ile anwani, mara zilizofuata akaiandika mwenyewe kwa kubadili namba ya oda. Wala hakuhitaji udukuzi, alihitaji macho.

Upande wa pili nilikuwa nawadhulumu wengine bila kujua. Mtu ameweka PIN, pesa imekatwa, simu inazima chaji kabla hajarudishwa. Kwangu oda inasoma "haijalipwa". Ananipigia akiwa na ujumbe wa muamala mkononi, na mimi nambishia!

Sasa hivi ukurasa wa asante unasema asante tu. Mzigo unatoka kwa mrejesho: seva ya kampuni inakuja kupiga hodi kwenye seva yangu moja kwa moja, mteja hayupo katikati. Na hodi hiyo nayo siiamini kwa sauti. Seva yangu inachukua namba ya muamala, inarudi kwa kampuni kuuliza: huu mnautambua? Umekamilika? Kiasi gani, sarafu gani? Ikilingana na oda niliyoihifadhi ndipo mdogo wangu anafunga kifurushi.

Haya, leteni ya kwenu. Kampuni zilizowaudhi msizitaje majina, tuongee ufundi.

Kahawa Chungu

Nimekaa siti ya mbele. Mkuu, huyo wa oda tatu alilipa?

Fundi wa Usiku

Namba ya simu ilikuwa ile ile kwenye oda zote, nikampigia. Alilipa mbili. Ya tatu tumeiita sadaka.

Mpwani

Mie niko Unguja, nauza safari za Mnemba kwa boti. Yangu ni mrejesho kuja mara mbili, mara tatu, malipo ni yale yale.

Msimbo wangu ulikuwa na adabu kupita kiasi. Ukipokea mrejesho, kwanza unatengeneza tiketi ya PDF, halafu unatuma baruapepe, halafu ndo unaijibu kampuni kwamba "nimepata". Baruapepe ikisuasua, nusu dakika inapita. Wao wanaona kimya, wanatuma tena, na wana haki, maana kazi yao ni kuhakikisha umesikia. Kila wakituma, mie natoa tiketi nyingine na kupunguza kiti kingine. Boti ya watu 12 ikajaa kwenye kompyuta ilhali waliolipa ni 8. Asubuhi nahodha ananiuliza, "Hawa wanne tuwangoje?" Tukawangoja wallahi, mpaka maji yakaanza kupwa.

Dawa niliyoipata: jibu 200 kwanza (namba ya seva kusema "nimepata"), kazi nzito ziende kwenye foleni. Na safu ya namba ya muamala kwenye databesi iwe ya pekee, yaani ukiiandika mara ya pili databesi yenyewe inakataa. Usifanye kama nilivyofanya mwanzo, kuangalia kama ipo halafu ndo uandike. Mirejesho miwili ikiingia pamoja, yote miwili itaona haipo.

Mtu wa Naks

Jameni, yangu ni aibu tupu. Niko Nakuru, nauza waifai kwa plot (nyumba za kupanga). Mtu anaunganisha simu, ukurasa unatokea, anaweka namba yake, anapata kile kisanduku cha M-Pesa cha PIN. Natumia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha M-Pesa na programu yako. Si ukurasa wa malipo kamili kama wa Fundi lakini shida ni za ukoo mmoja.

Nilidhani mrejesho ukifika, pesa imefika. Kumbe mrejesho huja hata malipo yakikwama! Ndani yake kuna ResultCode: 0 ndiyo imelipwa, 1 salio halitoshi, 1032 mteja amekatisha mwenyewe, 1037 simu haikujibu. Mimi sikuisoma hata siku moja. Watoto wa plot waligundua kabla yangu: bonyeza kanseli, upewe masaa 24. Wiki mbili nilikuwa najisifu kwamba biashara imeshika, mtandao umejaa hadi video hazifunguki. Kuangalia till (namba yangu ya kupokelea pesa), hata pesa ya kulipia laini haijatimia. Mama wa nyumba namba 6 ndiye aliniuliza, "Kijana, kwani siku hizi ni bure?"

Kahawa Chungu

Hahaha, huyo mama apewe mwezi mzima.

Mtu wa Naks

Alipewa.

Dada Msimbo

Mimi niliitwa kusafisha mfumo wa watu wengine. Malalamiko yalikuwa ya ajabu: waliolipa kwa kadi wanarudi vizuri, waliolipa kwa simu wanarudi wakiwa wametolewa kwenye akaunti, wanaambiwa waingie upya, kapu tupu. Siku nne sijalala sawasawa. Nikijaribu mwenyewe, inakubali kila mara.

Ufunguzi ulikuja nilipoacha kusoma msimbo nikaanza kuangalia saa. Kampuni ile ilikuwa inamrudisha mteja kwa POST, yaani kama fomu inayotumwa, si kwa GET kama kiungo cha kawaida. Tangu Chrome 80, mwaka 2020, kuki (kikumbusho ambacho kivinjari hutumia kumtambulisha mteja) isiyotajiwa SameSite (sharti la lini iende na ombi linalotoka tovuti nyingine) inahesabiwa kuwa Lax, na kuki ya Lax haisindikizi POST inayotoka tovuti nyingine. Ila Chrome waliacha kamsamaha: kuki iliyotolewa chini ya dakika 2 zilizopita inaruhusiwa kupita. Mfumo ule ulikuwa unatoa kuki mpya mteja anapobonyeza Lipa. Mwenye kadi anamaliza ndani ya dakika moja, kuki yake bado changa. Mwenye simu anaitafuta simu ilipo, anangoja kisanduku, anakosea PIN, dakika ya tatu anarudi, hajulikani ni nani. Na mimi mjaribuji nilikuwa nabonyeza haraka kama nafukuzwa, ndiyo maana sikuwahi kuliona tatizo.

Niliweka ukurasa mdogo wa kupokea ile POST, usiohitaji sesheni yoyote, yaani hauulizi mteja ni nani. Unachukua namba ya oda, unamsukuma mteja kwa GET kwenye ukurasa wa kawaida, na huko kuki inafika. Wapo wanaoweka SameSite=None, kuki ipite hata ikitoka tovuti nyingine, wakamaliza. Inafanya kazi, lakini sipendi kulegeza kuki ya kuingilia ya watu wote kwa ajili ya ukurasa mmoja.

Mpwani

Dada, hilo la dakika mbili nimelisoma mara tatu. Nadhani ndilo linalonisumbua mie sasa hivi.

Mzee wa Seva

Kwangu mirejesho haikufika kabisa. Logi, daftari la seva, nyeupe. Kivinjari kinafungua tovuti, kufuli lipo, kila kitu safi. Nikawaandikia kampuni baruapepe za ukali ambazo hadi leo nikizikumbuka naona haya. Kumbe kwenye Nginx, programu inayoendesha tovuti yangu, niliweka cert.pem ya Let's Encrypt (wanaotoa vyeti vya usalama wa tovuti) badala ya fullchain.pem. Cheti cha kati, kinachounganisha cheti changu na kile kinachoaminika, hakikuwepo. Vivinjari vingi vitajihangaikia kukitafuta, lakini seva inayokuja kupiga hodi haina muda huo, inageuza na kuondoka. Jaribuni kwa curl (programu ya kuita tovuti bila kivinjari) mkiwa kwenye mashine nyingine, msiamini kivinjari.

La pili ni ulinzi wa kuzuia roboti. Vijana mnauwasha tovuti nzima halafu mnashangaa. Kampuni ya malipo NI roboti. Ukiiambia "thibitisha wewe ni binadamu", haitathibitisha.

Mbongo Ohio

Salamu kutoka Columbus. Nafundisha Kiswahili mtandaoni, malipo ni kwa ukurasa wa Stripe, kampuni ya malipo. Kule kiasi unakituma kwa senti: dola 25 unaandika 2500. Nikazoea kuzidisha kwa 100 kila kitu. Shilingi ya Tanzania na ya Kenya nazo zinakwenda hivyo hivyo. Nilipofungua bei kwa faranga za Rwanda, ambazo kwao zinaandikwa bila senti, mwanafunzi wa Kigali akakuta somo la faranga 20,000 linauzwa milioni 2. Akaniandikia kwa upole wote: "Mwalimu, nitaendelea na redio."

Halafu kuna sahihi, alama ya kuthibitisha kwamba ujumbe umetoka kwao. Kila mrejesho unakuja na sahihi iliyokokotolewa juu ya mwili wa ujumbe jinsi ulivyotumwa, herufi kwa herufi. Fremuweki yangu (msimbo wa msingi niliojengea tovuti) ilikuwa inaufungua mwili huo wa JSON (maandishi ya data) na kuupanga upya kabla haujanifikia, kwa hiyo sahihi inakataa kila siku. Nikazima ukaguzi.

Mzee wa Seva

Ukazima?!

Mbongo Ohio

Wiki mbili, mzee wangu. Yeyote aliyeijua anwani ile angeweza kujiandikisha masomo yote kwa kutuma ujumbe wa uongo. Dawa ilikuwa kukagua mwili mbichi kabla kitu chochote hakijaugusa. Mstari mmoja wa msimbo.

Mgeni Mlangoni

Samahanini wakubwa, mimi nauza keki Morogoro, oda tano sita kwa siku. Mbona mambo ni mengi hivi? Siwezi kubaki na lipa namba tu, mteja anitumie skrinishoti?

Fundi wa Usiku

Dada, kwa oda tano ningebaki hivyo hivyo, sikudanganyi. Ila skrinishoti usiitazame hata kidogo, zinatengenezwa kwa dakika moja. Tazama ujumbe ulioingia kwenye simu yako wewe, na salio. Siku ukishindwa kuzifuatilia kwa macho, rudi hapa tukusaidie.

Mpwani

Fundi, swali. Umeme ukikatika, seva imelala saa nzima, ile mirejesho si inapotea?

Fundi wa Usiku

Wengi wanarudia kutuma, ila kila kampuni na subira yake, wengine wanachoka mapema. Mimi nimeweka kazi ya kila dakika 10: oda yoyote iliyokaa "inasubiri" zaidi ya robo saa, seva yangu inakwenda kwa kampuni kuuliza hali yake, haingoji kupigiwa hodi. Jana usiku imeokota mbili zilizolipwa wakati tumekatika, mashuka ya Mbeya na kitenge cha Tabora. Mdogo wangu yuko stendi sasa hivi anazipakia.