Nataka kuhama chumba niishi kwenye Hiace na cherehani yangu. Niko Tanga, naombeni ushauri

SindanoYaNgamiani

Habari zenu wanajukwaa. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mama wa miaka 46, fundi cherehani, nimepanga chumba kimoja Ngamiani. Binti yangu wa mwisho ameolewa mwaka jana, nimebaki mwenyewe. Wateja wangu siku hizi hawako mtaani, wako kwenye magulio: Muheza, Pangani, Korogwe, na msimu wa sare za shule, Desemba na Januari, napanda mpaka Lushoto. Kwa mwezi nalala chumbani kwangu siku nane au tisa. Siku nyingine zote nalipa gesti, na mwenye nyumba bado anataka kodi ya miezi sita mbele. Nimechoka kulipia sehemu mbili.

Nimenunua Hiace ya dizeli ya paa refu, ilikuwa daladala, viti vimeshang'olewa. Nimeipima kwa futi yangu ya kushonea. Kutoka nyuma ya kiti cha dereva hadi mlango wa nyuma ni sm 350, ukuta kwa ukuta sm 170, sakafu hadi dari sm 162. Mimi nina sm 157. Nilisimama ndani peku, kichwa hakikugusa bati, machozi yakanilengalenga.

Seremala amenichorea kitanda cha nne kwa sita, makabati pande zote mbili, dari ya mbao, friji ndogo, na umeme wa cherehani na pasi. Nina milioni 3 tu na sitaki kukopa. Nianze na nini? Joto la Tanga nitalimudu vipi ndani ya bati? Na mwanamke peke yangu, usiku nipaki wapi?

FundiBati_Chumbageni

Dada, seremala asubiri kwanza. Ng'oa zulia lote la sakafu uone bati lenyewe. Daladala za huku pwani zinaoza kuanzia kwenye ngazi ya mlango na juu ya matairi ya nyuma, kwa sababu abiria anapanda na viatu vimelowa na maji yanakaa chini ya zulia miaka. Gonga kwa nyundo ndogo. Penye mlio safi ni pazima, penye sauti butu au panapobonyea palishaliwa, pakatwe pachomelewe bati jipya. Kutu ya juujuu sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, halafu piga redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili.

Matundu ya boliti za viti watu huyasahau. Yako mengi, na gari likikanyaga dimbwi wakati wa masika maji yanarushwa kutoka chini yanaingia moja kwa moja. Rudisha boliti kila tundu, zungushia silikoni.

Kuhusu dari, una sm 5 tu juu ya kichwa chako. Seremala akiweka papi za inchi mbili na mbao juu yake, hizo zimekwisha, na sakafu bado. Mwambie plaiwudi nyembamba ya mm 4 ibandikwe kwa gundi kwenye mbavu za paa, na sakafu plaiwudi ya mm 9. Utaendelea kusimama wima. Mtu anayeishi kwenye gari ameinama, baada ya mwezi mmoja mgongo unamwambia.

BintiPangani

Mama, mimi nauza vitenge na nililala kwenye Noah miezi kumi na nne, kwa hiyo nakwambia ninachokijua.

Kitanda kiweke kwa upana wa gari, usikilaze kwa urefu. Wewe una sm 157 na gari lina sm 170, unaenea ukiwa umenyooka. Godoro la nne kwa sita lina sm 183 kwa urefu, halitaingia, lakini sponji linakatwa kwa kisu kirefu, na wewe fundi foronya utashona mwenyewe. Ukilala hivyo kitanda kinakula sm 120 za nyuma, zinabaki zaidi ya mita mbili za kazi. Chini yake kiache wazi, weka marobota ya vitambaa na madumu. Makabati ya pande zote mbili achana nayo. Ndani ya gari kila mlango wa kabati unahitaji nafasi ya kufungukia, na utagombana nao kila asubuhi.

Joto halizuiwi na mbao. Paa lipake rangi nyeupe, hilo ndilo la kwanza. La pili, hewa ipite: dirisha moja wazi upande unaotoka upepo na jingine upande wa pili, yote yawe na wavu wa mbu ulioshonwa vizuri, usitegemee wa kubana na mkanda. Wakati wa kusi elekeza mlango wa ubavuni kusini, kaskazi ikiingia geuza gari. Na usipaki chini ya mnazi hata siku moja, hata kama kivuli chake ni kizuri namna gani. Nazi ikidondoka kwenye kioo cha mbele utalia. Mwembe, msimu wake ukipita, ni rafiki.

MwangaSola

Nakuja kwenye umeme, hapo ndipo pesa yako itakapoliwa.

Pasi ya umeme ni wati 1000 au zaidi. Nusu saa tu inakula saa-wati 500 (wati mara saa). Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12, Ah 100 (ampea-saa) ina saa-wati 1200 kwa jumla, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Yaani pasi moja ya asubuhi imemaliza karibu chote. Ondoa pasi, ondoa friji.

Cherehani ya mota wati 100 kwa saa nne ni 400. Feni ndogo ya volti 12 wati 15, usiku mzima 150. Taa mbili na simu tuseme 70. Jumla 620, betri ya asidi haitoshi, inabidi ununue lithiamu ambayo unaweza kuitumia asilimia 80 na bei yake si mchezo. Lakini kama bado unayo cherehani ya kukanyaga, 400 yote inafutika. Zinabaki 220 na betri ya asidi inakufikisha siku mbili bila jua.

Sola wati 200 inatosha. Jua zuri la saa tano ni 1000, toa robo inayopotea njiani. Masika hesabu nusu au pungufu. Usiifunge juu ya paa: ukipaki kivulini haifanyi kazi, ukipaki juani unaiva wewe. Iwe ya kutoa, na waya mnene wa mita kumi, gari likae chini ya mti na sola ikae juani. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, shubiri moja isizidi. Umejaza vitambaa humo ndani, cheche moja inatosha.

KibirizaMoto

Pasi si atumie ya mkaa tu? Wenzake wote wa gulioni ndiyo wanayotumia.

Msambaa_wa_Soni

Atumie, lakini NJE. Samahani kwa herufi kubwa, nina sababu. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Kule kwetu milimani Lushoto Juni na Julai baridi ni kali, na kishawishi cha kuingiza jiko la mkaa ndani upate joto ni kikubwa. Jirani yangu alifanya hivyo chumbani, tena chumba kilichokuwa na dirisha. Hakuamka. Gari ni dogo kuliko chumba. Hata pasi ambayo "imeshapoa" ina makaa ndani, isilale na wewe. Mama, njoo na blanketi mbili nzito.

Gesi nayo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Mtungi wa kilo 6 uwe kwenye boksi lenye tundu la kutokea chini ya gari, na upike mlango ukiwa wazi.

Halafu kutoka Mombo kupanda Lushoto mlima ni mkali na kona nyingi. Wakati wa kushuka tumia gia ile ile uliyopandia, usishike breki njia nzima, zikichemka zinakuacha. Maji lita 100 ni kilo 100, ukipanda beba madumu mawili, mengine utajaza huku huku.

MzeeWaMkonge

Marahaba mwanangu. Nimesoma yote, vijana wamesema vizuri, ila mimi sikubaliani na jambo la kuhama moja kwa moja. Mtu lazima awe na mahali. Ukiugua, watu watakutafuta wapi? Ongea na binti yako au ndugu, uwe na pembe ya kuweka sanduku lako na mtaa unaokutambua.

Ukifika mahali utakapokaa siku tatu nne, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kitambulisho chako, mweleze kazi yako na gari lako. Kwetu mgeni akijitambulisha analindwa, na akijificha anashukiwa. Usiku lala kwenye ua wa gesti yenye mlinzi, lipia maegesho na bafu, hawatakukatalia. Ufukweni peke yako hapana.

Na namba nyeupe ni ya gari la biashara. Ukiifanya nyumba, nenda TRA (mamlaka ya mapato) ubadilishe matumizi upate ya njano, na rangi ya gari ikibadilika kadi ibadilike pia. Bima nayo waambie ukweli wa matumizi yake.

SindanoYaNgamiani

Asanteni sana. Mzee wangu, nimelia nilipofika kwako. Nimeongea na binti yangu, sanduku na cheti cha ubatizo vitakaa kwake Pongwe.

Nimefanya jambo moja kabla ya kumlipa mtu. Nimelala kwenye gari usiku tatu hapa hapa uani, godoro limetandikwa sakafuni kwa upana, bila kupigilia hata msumari. Usiku wa kwanza sikulala kwa joto. Wa pili niligeuza gari, nikafungua madirisha mawili na kutundika chandarua, saa nane nikajifunika kanga. Wa tatu mvua ilinyesha na maji yakaingia kwenye matundu manne ya boliti, niliyahesabu kwa tochi, moja liko pale pale nilipokuwa naweka kichwa.

Cherehani yangu ya kukanyaga ninayo, ilikuwa ya mama. Inapita mlango wa ubavuni ikiwa imetolewa kichwa, miguu inaingia kwa kulala. Nimeamua naifunga nyuma ya kiti cha dereva kwa boliti zile zile za viti, na nikifika gulioni nafungua mlango nashona mle mle ndani, turubai mbele kwa wateja. Seremala nimempa kazi ya kitanda peke yake.

FundiBati, Jumamosi uko gereji? Nije saa ngapi ili unigongee hiyo sakafu?

FundiBati_Chumbageni

Njoo saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Zulia uje umeshaling'oa.