Godauni la kukodisha Kigoma, linalipa?

Mleta mada: Wakuu, nina kiwanja Gungu, nusu eka, hati ipo. Nilitaka kujenga vyumba vya kupangisha ila jamaa wananiambia nipige godauni maana mzigo wa Kongo na Burundi unapita hapa kila siku. Wenye uzoefu naombeni mawazo.

Mchangiaji 1: Mkuu kabla ya tofali angalia njia, semi (lori refu la tela) inaingia na kugeuka? Kama haigeuki utabaki na wapangaji wa kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo. Na sakafu usibane hela kabisa, inyanyue, weka nailoni chini ya zege. Mimi huku Tabora nilibana, mpunga wa mteja ukavuta unyevu, magunia ya chini yote ukungu, nikamlipa na bado akahama, iliniuma sana.

Mchangiaji 2: Dagaa na nafaka usiweke pamoja ndugu yangu, ile harufu haitoki. Bora ugawe kuta mapema.

Mchangiaji 3: Mpangaji akiwa kampuni atakata kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango anayokulipa, apeleke TRA, iweke kwenye hesabu. Halafu mavuno yakiisha kuuzwa godauni linakaa tupu, hiyo miezi umejipangaje?

Mleta mada: Semi haigeuki aisee. Ngoja niongee na jirani aniuzie kipande.