Senti kumi yenye tundu, 1921 mpaka 1964: mnaigawa wapi?

Mtoto_wa_Chumbageni
Wakuu habari za jioni, naandika kutoka Tanga. Bibi mzaa mama kaniachia kopo la maziwa limejaa sarafu za zamani, nyingi ni zile senti kumi zenye tundu katikati na pembe za ndovu pembeni, nimezipanga kwa miaka zimeanzia 1921 mpaka 1964, sasa nimenunua albamu nataka nizitunze vizuri na hapo ndo nimekwama. Kwa macho yangu ni sarafu ileile tu, pembe zilezile, shaba ileile, kinachobadilika ni maandishi ya juu. Je nyie mnahesabu ni fungu moja au mnaligawa, na kama mnagawa mnakata wapi na kwa sababu gani? Kaka mmoja mtaani kaniambia kila mfalme na ukurasa wake, mwingine kasema nisizitenganishe kabisa. Sitaki niwe nazipanga upya kila mwezi.

Babu_Raskazoni
Mwanangu hongera kwa kutunza vitu vya bibi yako. Mimi nagawa kwa jina. Tundu limekula nafasi ya sura, kwahiyo jina ndo kichwa chenyewe. Anza na George V, ila ukifika 1936 usiharakishe, shika lenzi usome moja moja, maana mwaka huo zipo za George V na zipo za Edward VIII. Huyu Edward hakumaliza hata mwaka kitini, Desemba 1936 akajiuzulu, na kwao Uingereza hela zenye sura yake hazikuwahi kuingia mtaani, lakini huku kwetu senti tano na senti kumi zenye jina lake zilitoka zikatumika kama hela nyingine yoyote. Ukimchanganya na baba yake humo kwenye mfuko mmoja umempoteza. Baada yake George VI, halafu malkia Elizabeth, halafu 1964 ambayo haina jina la mtu.

Mwambao_Dunda
Shikamoo babu. Kwa heshima zote naomba nitofautiane na wewe kidogo. Niko Bagamoyo, nakusanya rupia za Mjerumani, na hizo zimenifundisha kwanza niulize nani katoa hela, jina la mfalme baadae. Chukua rupia za 1890 mpaka 1902 na zile zilizoanza 1904, zote fedha, uzito uleule, Kaiser yuleyule na kofia yake. Ukigawa kwa jina hutakata popote. Lakini zile za kwanza zilitolewa na kampuni, jina la kampuni limeandikwa na nyuma kuna simba na mti, za pili ni za serikali, na wakati huohuo rupia ikaacha kuvunjwa pesa 64 (pesa hapo ni jina la sarafu ndogo) ikawa heller 100, na hiyo heller ndo imetuachia neno hela. Fikiria mtu wa hapa pwani aliyezoea kuhesabu kwa pesa, ikabidi ajifunze chenji upya! Kwangu huo ndo mkato wa kweli. Sasa senti kumi za mtoa mada mtoaji ni mmoja muda wote, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na shilingi ni senti 100 mwanzo mwisho. Hilo ni fungu moja, benki kuu yetu ilipotoa zake 1966 ndo unafungua ukurasa mpya.

Shilingi_Moja
Mi naongeza madini, hamjayagusa. Shilingi moja yetu ina mkono umeshika mwenge, kuanzia 1966 mpaka 1984 ina Nyerere, 1987 akaingia Mwinyi na mwenge ukabaki. Wengi wanakata hapo kwa sababu ya sura na ni sawa, lakini weka sumaku uone, ya Nyerere hainasi na ya Mwinyi inanasa, ndani ni chuma kimevishwa nikeli. Mabadiliko mawili yameangukia sehemu moja, hapo hata ubishi haupo.
Halafu mtoa mada tafadhali usiiachie albamu ikuamulie. Senti ya Marekani yenye Lincoln ilianza 1909, nyuma masuke ya ngano mpaka 1958, 1959 likawekwa jengo la kumbukumbu yake. Lakini folda za kupangia sarafu za kampuni ya Whitman ya kule, ya kwanza inaishia 1940 na ya pili inaanza 1941, na kwenye sarafu 1941 hakuna muundo uliobadilika, ni mgawanyo wa folda tu. Watu wamekua nao hivyo mpaka wanauona kama mkato wa sarafu yenyewe.

Mtoto_wa_Chumbageni
Asanteni sana, nimekesha nazo. Nimeamua ni fungu moja kama alivyosema ndugu wa Bagamoyo, ila kila jina linaanza mstari mpya, kama nikiishiwa mifuko naongeza ukurasa. Babu, Edward yupo! Mmoja tu kopo zima. Na za George VI nimeona kuanzia 1949 maandishi yamepungua, IND IMP haipo tena, hiyo nayo nikate?

Babu_Raskazoni
Hiyo ni Kaizari wa India, India ilijitawala 1947 cheo kikaondolewa. Mfalme yuleyule, acha nafasi ya mfuko mmoja tu katikati inatosha.

Mtoto_wa_Chumbageni
Sawa babu. Na huyo Edward ana weusi, nimsugue kidogo?

Babu_Raskazoni
Usimguse mwanangu! Wala ndimu, wala majivu, wala dawa ya meno. Mtie kwenye mfuko wake hivyohivyo.