Tupeane uzoefu: ufadhili wa utafiti wenye mlezi, mlezi wako alikufaa nini?

Jembe la Mkono
Wakuu, jana nimepigiwa simu na binti niliyemsimamia shahada ya kwanza. Amechaguliwa kwenye programu ya watafiti chipukizi wa kilimo, miaka miwili, na anapewa mlezi kutoka taasisi nyingine. Alikuwa analia kwa furaha. Simu ilipokatika nilibaki nimekaa ndani ya gari pale Mazimbu karibu nusu saa, sijawasha hata injini. Nilimkumbuka mlezi wangu mimi. Kwa miezi kumi na minane tulionana mara mbili, na mara ya pili aliniita kwa jina la mtu mwingine. Nataka nimwambie binti huyu neno la kumfaa. Mliopita huko, naomba tusaidiane.

Mtu wa Mikorosho
Mimi mara moja, kwa video, dakika kumi na tano. Iliniuma.

Dada wa Ugani
Wapo walezi wa kweli. Mimi nimepitia mlango wa AWARD, ile programu ya wanawake watafiti wa kilimo Afrika iliyoanza 2008, yenye makao Nairobi. Kule mwanamke mtafiti anapewa mlezi aliyemtangulia, na yeye mwenyewe anatakiwa amshike mkono mdogo wake. Mimi ndiye niliyekuwa huyo mdogo. Dada yangu yule alinikalisha tukapitia ikisiri yangu sentensi moja moja, kuanzia saa nane mchana hadi adhana ya magharibi. Kila sentensi aliniuliza, "Hii umeiona shambani au umeisoma?" Mpaka leo nikiandika nasikia sauti yake.

Mbegu Bora
Wa kwangu alinisaidia kukusanya dodoso 180, akasafisha takwimu pamoja nami, nikamwona kama baba. Makala ilipotoka jina langu lilikuwa la nne. Wa pili na wa tatu siwajui hadi leo.

Mzee wa Kitalu
Kijana, kuna makala ambazo bila jina la mkubwa hazifunguliwi hata barua pepe. Amekufungulia njia. Shukuru.

Mbegu Bora
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sitashukuru. Nililala Kilosa kwenye mafuriko kwa ajili ya dodoso zile.

Mzee wa Kitalu
Marahaba. Sijasema ni haki. Nimesema ndivyo ilivyo.

Dada wa Ugani
Ndivyo ilivyo kwa sababu tunasema ndivyo ilivyo, mzee.

Mama Kisamvu
Mada hii imenirudisha Muheza. Mnivumilie, ni ndefu.

Nilikuwa na ufadhili wa namna hiyo hiyo, jaribio la mihogo dhidi ya michirizi kahawia. Wanaoujua ugonjwa huu wanajua unavyodanganya. Majani yanaweza kupendeza, shina limesimama, halafu unachimba unakuta nyama ya muhogo imekauka, kahawia, ngumu kama kizibo. Kwa hiyo unangoja miezi kumi na miwili, unang'oa, unakata kila muhogo vipande na kuupa alama, moja hadi tano. Mlezi wangu, mzee wa virusi vya mimea, alinipandisha kwanza Amani milimani, kwenye kituo ambako mtafiti Storey aliuandika ugonjwa huo mwaka 1936. Akaniambia, "Angalia miaka. Wakulima wametungoja muda wote huu."

Nilipanda aina sita, kila moja mara nne, vitalu ishirini na vinne, kwenye shamba la mzee mmoja. Siku ya kuvuna nimefika na mizani, magunia na vijana wawili. Vitalu kumi na tisa havipo. Vibao vya namba vimelala kwenye matuta. Mzee alifiwa na kaka yake, wageni walijaa siku tatu, unga ukaisha, na mihogo ilikuwa imekomaa pale pale. Akaniambia, "Mwanangu, ningewaambia wafiwa walale njaa kwa ajili ya vibao?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Nikampigia mlezi nikitetemeka. Swali lake la kwanza: "Umewapa pole?" Sikuwa nimewapa. Akakata simu ili niende. Jioni nikampigia tena, akauliza, "Nani walimenya?"

Kesho yake alikuja mwenyewe. Walikuwa kina mama kumi na mmoja, tukakaa nao jikoni kwa mzee. Walikumbuka kila mstari! "Ule wa karibu na mwembe tulimwaga nusu." "Wa kwenye kichuguu ulikuwa mweupe kama nazi, kisu kinapita chenyewe." Na walipoona muhogo mzima walikata mashina yake, wakayaweka kivulini, kila mmoja akaenda kupanda kwake. Mimi na kalamu yangu nilikuwa nangoja siku ya kuvuna, wao walishachagua mbegu.

Takwimu za mavuno zilikufa. Mlezi alikaa nami wiki nzima tukaandika andiko jipya, kuhusu wanaomenya na namna wanavyochagua. Kisha akawaandikia wafadhili kwamba kosa la kutotenga fungu la kumfidia mwenye shamba lilikuwa la kwake, kwa kuwa andiko la kwanza aliliidhinisha yeye. Kazini hakuna mtu mwingine aliyewahi kunibebea mzigo namna ile.

Mtu wa Mikorosho
Nimesoma mara mbili.

Njoro Chini
Mama, hii imenigusa sana hapa kwetu Njoro. Mkulima wangu aliuza mahindi ya jaribio kulipa karo. Sikuwahi kumwambia mlezi, niliogopa. Ningejua ningemwambia.

Takwimu Safi
Samahani, lakini yule mzee alikuwa ameafikiana na mradi. Tukisamehe kila msiba hakuna jaribio litakalofika mwisho.

Dada wa Ugani
Aliafikiana kutoa shamba kwa mwaka mzima. Alilipwa nini?

Takwimu Safi
Mbegu na mbolea, kama kawaida.

Mama Kisamvu
Mbolea hailiwi msibani, ndugu yangu. Siku hizi napanda mistari ya mpakani mipana kuzunguka vitalu, na tangu siku ya kwanza nasema mbele ya familia nzima kwamba hiyo ni ya kula. Vitalu vya ndani haviguswi.

Mzee wa Kitalu
Hilo la mistari ya mpakani mwambieni huyo binti leo leo. Na asimsumbue mlezi kwa ujumbe kila siku. Mkubwa hufuatwa ofisini kwake, tena asubuhi.

Mbegu Bora
Hapana. Aandike kila baada ya wiki mbili, hata kama hajibiwi, ili kumbukumbu iwepo. Na majina ya waandishi yakubaliwe kwa maandishi kabla ya dodoso la kwanza.

Njoro Chini
Ukianza na karatasi atadhani humwamini. Anza na chai, karatasi mwezi wa pili.

Mbegu Bora
Mimi nilianza na chai.

Jembe la Mkono
Nayachukua yote, nitampelekea. Mama Kisamvu, ule mstari wa kichuguu ulikuwa aina gani?

Mama Kisamvu
Tuliufuata kwenye ramani ya shamba. Ilikuwa aina ya hapo hapo kijijini, niliyoipanda kuwa kilinganisho tu. Wenyewe wanaiita kwa jina la bibi aliyeileta.

Walinipa pingili thelathini nije nazo Morogoro, nikakataa. Muhogo unaovumilia unaweza kuwa umebeba virusi bila kuonyesha, na nisingeweza kuupeleka kwenye mashamba ya watu wengine kabla haujapimwa. Walikasirika. Ilinichukua ziara mbili kuwaeleza, na mlezi wangu, ambaye alikuwa ameshastaafu, alikuja zote mbili.

Mwezi wa sita wanavuna, nitakuwepo. Binti yako akipenda aje nami. Atafute kisu kizuri cha kumenyea.